Hasara ya Nani?

Akifa mzee wa miaka 90, matangani watu husimulia aliyoyatenda. Akifa kijana mwenye kipaji, husimulia ambayo hakuyatenda. Ghafla kila mwombolezaji huwa nabii: angefika mbali, angevunja rekodi, angewajengea wazazi wake. Tunayalilia mambo hayo kana kwamba yalikuwepo na yakaibwa. Lakini yalikuwa ya nani? Hasara hiyo ni ya marehemu, au ni yetu sisi tuliobaki?

Swali hili hunijia kila nikimkumbuka José Fernández, mrushaji wa besiboli niliyempenda kuliko wote. Katika mchezo huo mrushaji husimama juu ya kituta cha udongo, mita 18 hivi kutoka kwa mpigaji, na hakuna kinachoanza mpaka aachie mpira. Fernández aliweza kurusha mpira wa kasi ya kutisha, kisha akaleta mwingine uliojipinda njiani na kumwacha mpigaji akipiga hewa. Mwaka 2013 Troy Tulowitzki wa Colorado Rockies aliuchapa mpira wake ukarudi kama risasi kumwelekea yeye mwenyewe, naye akaudaka. Tulowitzki hakuamini, akamuuliza kama kweli ameudaka. Fernández akamjibu kwamba ndiyo, ameudaka, huku akitabasamu kama mtoto aliyeshinda gololi. Hivyo ndivyo alivyocheza: furaha yake ilionekana mpaka viti vya nyuma kabisa.

Alizaliwa Santa Clara, Kuba, mwaka 1992. Alijaribu kutoroka nchini mwake kwa mashua, akakamatwa na kuwekwa jela akiwa bado mvulana. Katika safari ya 2008, iliyofanikiwa hatimaye, mtu alianguka baharini usiku. Fernández, mwenye miaka 15, alijitosa bila kujua ni nani; alipomfikia akakuta ni mama yake. Miaka mitano baadaye alikuwa anarushia Miami Marlins na akatajwa mchezaji chipukizi bora wa ligi yake. Alfajiri ya tarehe 25 Septemba 2016 boti yake iligonga ukuta wa mawe karibu na Miami Beach. Alikufa pamoja na rafiki zake wawili. Alikuwa na miaka 24.

Hapo ndipo hesabu zikaanza. Mashabiki walichukua ushindi wake 38 dhidi ya kushindwa 17, wakachukua wapigaji 253 aliowatoa bila wao kuuweka mpira mchezoni katika msimu wake wa mwisho, wakazidisha kwa miaka 12, kwa miaka 15. Nami nilizidisha. Kenya ilifanya hesabu kama hiyo Februari 2024, alipofariki Kelvin Kiptum kwa ajali ya gari. Naye alikuwa na miaka 24, naye alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya marathoni, saa 2, sekunde 35, miezi minne tu kabla. Vinywa vyote vikataja mbio ambazo hakuzikimbia. Kocha wake, Gervais Hakizimana, alikufa katika gari hilo hilo, na hakuna aliyepiga hesabu ya miaka aliyonyimwa.

Mwamba ngoma huvutia kwake. Ushindi ambao Fernández hakuupata ungekuwa wake kidogo na wetu sana: sisi ndio tungekaa kwenye viti, tungepiga kelele, tungebishana kesho yake kazini. Tunaposema "amepoteza mengi", mara nyingi tunaorodhesha tuliyoyapoteza sisi, kisha tunayaandika kwa jina lake.

Wanafalsafa wamelizunguka jambo hili muda mrefu. Epikuro wa Ugiriki alifundisha kwamba kifo hakimhusu yeyote: aliye hai hakijamfika, na aliyekufa hayupo wa kuhusika. Thomas Nagel, katika insha yake ya 1970, alimpinga: ubaya wa kifo haumo katika hali ya kuwa mfu, umo katika mema ambayo mtu angeyapata laiti angeishi. Hapo namuunga mkono Nagel. Mtu wa miaka 24 amenyimwa kitu, wala faraja ya Epikuro haifuti hilo. Ila kuna sharti moja: kipimo cha alichonyimwa kisiwe makofi yetu.

Chukua wale marafiki wawili waliokufa naye. Hawakuwa na takwimu za kuzidisha. Kama ubaya wa kifo cha Fernández ungekuwa ni mataji ambayo hakuyatwaa, vifo vyao vingekuwa vidogo kuliko chake. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kusimama mbele ya mama zao akalisema hilo. Kwa hiyo hasara kubwa haikuwa mataji. Ilikuwa kile ambacho wote watatu walikuwa nacho sawa: asubuhi ya kesho, chakula cha nyumbani, kugombana na kupatana, kuzeeka. Binti yake Fernández alizaliwa miezi mitano baada ya ajali. Fernández hakumwona. Hasara hiyo ni ya marehemu hasa, na hakuna shabiki anayeweza kuidai.

John Mbiti, Mkenya, aliandika mwaka 1969 kwamba katika fikra za Kiafrika wakati ni yale yaliyotokea na yanayotokea. Yajayo ya mbali, kwa kuwa hayajatokea, hayahesabiki kuwa wakati. Wengi walimpinga, na wana hoja: anayepanda mnazi anajua atakayekula ni mjukuu. Hata hivyo Mbiti ametuachia onyo la maana, kwamba yasiyotokea yasifanywe mali. Na aliongeza kwamba marehemu huendelea kuwa karibu nasi muda wote wanapokuwepo waliomjua kwa jina. Wanaomshikilia ni wale waliomjua, si wale waliomtarajia.

Kumkumbuka tuliyemjua kuna gharama. Wengi walipenda kuisimulia habari ya Fernández kama hadithi ya majaaliwa: bahari iliyomrudishia mama ikaja kumdai mwenyewe. Ni hadithi tamu, na ndiyo sababu siiamini. Bahari haidai mtu. Wachunguzi walihitimisha kwamba boti ilikuwa mikononi mwake, ikienda kasi gizani, na vipimo vilionyesha kokeini mwilini mwake na pombe kupita kiwango cha sheria. Tunaambiwa marehemu hasemwi vibaya, na kwa kawaida huo ni uungwana. Lakini wapo wafiwa wa wale wengine wawili waliokufa katika ajali hiyo, na kunyamaza kwetu wangekulipia wao. Majaaliwa yakishika usukani, hakuna aliyeendesha. Kijana aliyejitosa kumwokoa asiyemjua ndiye huyo huyo aliyewahatarisha aliowapenda. Ukimkata nusu ili umpende, unayempenda si yeye.

Kumbukumbu iliyo bora zaidi kwangu aliitoa mchezaji mwenzake, Dee Gordon, usiku wa tarehe 26 Septemba, siku moja baada ya ajali, wachezaji wote wa Marlins wakiwa wamevaa namba 16 ya marehemu. Gordon alikuwa akipiga kwa kushoto. Kwa mpira wa kwanza alisimama upande wa kulia, kofia ya Fernández kichwani, mwili ameuweka vile vile alivyouweka rafiki yake. Kisha akarudi upande wake na kuupeleka mpira nje ya uwanja, jambo ambalo hakuwa amelifanya msimu mzima, akazunguka akilia. Gordon hakuigiza shujaa wa miaka ijayo. Aliigiza jinsi mtu fulani alivyokuwa akisimama.

Basi ukifiwa na kijana, uwe umemjua nyumbani au uwanjani, acha kuzidisha. Sema alivyokuwa, alivyotenda na alivyokosea. Na ukitaka kulia kwa yale aliyonyimwa, anza na yale ambayo wewe usingepata chochote kwayo.