Meza na Kumeza

Soma Amosi 8:4–6, 2 Samweli 9:7, Luka 19:23.

Kitenzi "kumeza" ni cha Kibantu. Ndicho Biblia inachotumia kwa samaki wa Yona. Lakini "meza" ya kulia chakula ni neno la Wareno, waliofika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Kufanana kwa maneno hayo mawili ni bahati tu, wala mtu asijenge fundisho juu yake.

Hata hivyo, Kiyunani cha Agano Jipya nacho kina jambo lake. Neno trapeza ni meza ya chakula, na pia ni meza ya wabadili fedha ambayo Yesu aliipindua (Marko 11:15). Katika Luka 19:23 ni mahali pa kuweka fedha ili zizae. Hadi leo, nchini Ugiriki, benki huitwa kwa neno hilo hilo.

Amosi anawashtaki watu wanaowameza wahitaji. Cha kushangaza, watu hao hawakuuza siku ya Sabato. Walingoja iishe, ndipo wapime ngano kwa kipimo kidogo na mizani ya udanganyifu.

Hao ni rahisi kuwahukumu. Mfikirie sasa muumini mwenye duka. Mizani yake ni halali. Ijumaa hufunga kabla ya jua kuzama, na Sabato mchana mjane wa jirani hula mezani pake. Lakini mjane huyo hununua unga kwa mkopo, na bei ya mkopo iko juu kuliko ya fedha taslimu. Hakudanganywa, alikubali mwenyewe. Je, analishwa au anamezwa? Mwenye duka ana hoja: wapo wasiolipa kabisa, na bwana katika mfano wa Luka alidai faida waziwazi. Lakini Kutoka 22:25 inamtaja maskini hasa.

Daudi alipomwita Mefiboshethi, aliyelemaa miguu, alimwahidi kwanza mashamba ya Sauli, babu yake, kisha chakula mezani pake daima. Mpangilio huo una uzito. Aliyerudishiwa shamba huketi kama mwana wa nyumba. Anayedaiwa na mwenyeji wake huketi akihesabu matonge.

Kwa mjadala: Daftari la duka linaonyesha kwamba mjane anadaiwa kilo sita za unga, kwa bei ya mkopo. Darasa lingemshauri mwenye duka afanye nini kabla ya Sabato ijayo?