Mungu Amekuonyesha? Bado Muulize

Vijana huniuliza, "Pastor, nikimpenda dada wa hapa kanisani, nianzie wapi?" Nitajibu kwa kukiri kosa langu.

Nikiwa chuo, nikisomea biashara, nilimwambia dada mmoja wa kwaya kwamba Mungu amenionyesha yeye ndiye mke wangu. Alinyamaza. Baada ya wiki tatu akaniambia, "Ndugu, wewe sikuogopa. Niliogopa kumkataa Mungu." Neno hilo lilinichoma. Darasani nilikuwa nimefundishwa kwamba mkataba wa kulazimishwa unaweza kuvunjwa, na hapo nimemlazimisha mtu kwa jina la Bwana. Ukweli ni kwamba niliogopa kukataliwa, nikamtanguliza Mungu.

Hebu someni Mwanzo 24. Mtumishi wa Abrahamu alifika kisimani na ngamia 10, akaomba ishara, akaipata vile vile. Hata hivyo, alipoandaliwa chakula alikataa kula kabla ya kueleza kilichomleta. Na ingawa baba na kaka walishakubali, Rebeka mwenyewe aliitwa akaulizwa kama atakwenda. Ishara haikuchukua nafasi ya swali.

Sisi wa Busia na Malaba tunajua tofauti ya kupitia forodhani na kupitia njia za panya. Forodhani unasema umebeba nini na unaenda wapi, na ofisa anaweza kukurudisha. Kumwita dada kwa "maombi" ya watu wawili, au kumtumia pesa kwa simu kila wiki bila kusema nia, hiyo ni panya.

Kijana, sema wazi: "Nimekupenda. Ningeomba Jumamosi tukae tunywe chai, tufahamiane. Ukisema hapana, nitaheshimu." Pawe mahali penye watu. Akikataa, usiache kumsalimia Jumapili inayofuata. Nawe dada, hapana yako kwa ndugu si uasi kwa Mungu.

Kuna atakayeuliza, "Kwani Mungu haongozi siku hizi?" Anaongoza. Lakini kama amesema nawe, hashindwi kusema naye pia.

Mke wangu nilimuuliza tukinywa chai hapo Malaba, mikono ikitetemeka. Aliomba muda. Nikampa, na sikumwambia nimeonyeshwa chochote.