Ndimu, Karafuu na Pua Iliyolala

Tangu korona ifike Kongo, Machi 2020, wengi wameketi mbele ya sombe lenye mawese mazuri wakahisi wanatafuna karatasi. Mafua makali huleta hayo pia. Ulimi hutambua chumvi, sukari, uchachu, uchungu na ule ukolezo wa mchuzi wa nyama. Ladha nyingine karibu zote ni kazi ya pua.

Mwaka 2009, huko Dresden, Ujerumani, mtafiti Thomas Hummel na wenzake waliwapa wagonjwa waliopoteza uwezo wa kunusa harufu nne: waridi, mkalitusi, ndimu na karafuu. Walizinusa asubuhi na jioni, majuma 12. Baadhi walipata nafuu, si wote. Chembe za kunusia hufa na kuzaliwa upya, ila polepole, na zoezi hilo huonekana kuzisaidia.

Waridi utalipata wapi huku Yahuma? Mimi ningechukua kahawa, tangawizi, ndimu na karafuu. Nusa moja moja, bila haraka, ukiikumbuka harufu yake ya zamani. Lakini kitunguu saumu kisiingizwe puani, wala mafuta makali; huunguza. Na sufuria ya mvuke wa kujifukiza imewachoma watoto wengi.

Asiyenusa hajui moshi wala samaki aliyeoza. Mama, mwombe jirani akunusie chakula kabla ya kuwapa watoto. Na kama harufu ilipotea baada ya kuumia kichwa, au tundu moja la pua limeziba na linatoka damu, usingoje majuma 12: nenda kituo cha afya leo.