Mbuni Kwenye Udongo wa Chokaa



Hapa Malindi kahawa tunaijua ikiwa tayari kwenye dele, chungu, na kashata pembeni. Mti wenyewe, mbuni, wengi hatujawahi kuuona. Ni kichaka kinachobaki kijani mwaka mzima, na ndani ya kila tunda jekundu mara nyingi mna mbegu mbili.

Sasa jaribu kuuotesha uani kwetu, penye vifusi vya mawe ya matumbawe na chokaa. Utaota, ndiyo. Baadaye majani machanga yanageuka manjano, mishipa tu inabaki kijani. Hiyo ni njaa ya chuma. Na ajabu, chuma chenyewe kimo mle mle udongoni, ila chokaa imekifunga, mizizi haikipati. Mwagia maji utakavyo, wapi! Mbuni unataka udongo wenye tindikali kiasi, pH 5 hadi 6.5 hivi, mboji ya kutosha na kivuli cha migomba.

Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliokabidhiwa misheni ya Zanzibar mwaka 1863 na kufungua ya Bagamoyo 1868, walileta mibuni yenye asili ya kisiwa cha Réunion. Lakini kahawa ilikuja kushamiri kule Kilema, Kilimanjaro, kwenye udongo wa volkano.

Mfano wa Mpanzi tumezoea kuuhubiri kama lawama, ati udongo mbaya ni wewe. Mimi siafiki sana. Kuna kijana mwenzetu amekauka: kwaya haji, jumuiya haji. Familia iko bara, kazi ya hoteli inakula Jumapili zake zote. Tunamwambia, "Sali zaidi, ndugu yangu." Jamani! Neema anayo tangu ubatizo. Kuna kitu kimeifunga, labda deni, labda aibu ya dhambi fulani, labda upweke tu. (Mtakatifu Thomas wa Akwino angetukumbusha kwamba kitu hupokewa kwa kadiri ya anayekipokea.)

Soma Luka 13. Mtunza shamba hakuufokea mtini. Aliomba mwaka mmoja zaidi, apalilie pembeni na kuweka samadi. Alishughulika na udongo.

Basi wiki hii mpigie simu. Usianze na "mbona huonekani Minara Miwili?" Muulize zamu yake inaisha saa ngapi, kisha nenda ukamngoje getini.