Kisu Kilikuwa Nguoni Mwangu

Somo: Walawi 6:1-7, 2 Wafalme 6:1-7, Mathayo 5:23-24



Wiki hii nataka tujiulize swali moja tu. Ukimpotezea mtu jina lake, halafu ugundue kwamba ulikosea, je, kumwambia pole kunatosha? Swali hili sikulitoa kwenye kitabu. Nililitoa kwenye kisu cha mfukoni, na nitawaeleza ilivyokuwa, hata kama sehemu kubwa ya habari hii inaniaibisha.

Marehemu baba aliniachia vitu vichache: shamba dogo huku Murang'a, kiti cha miguu mitatu, na kisu cha kukunja chenye mpini wa mbao. Ukikikunja kinatoshea kiganjani. Kimenolewa miaka mingi mpaka bapa lake limekonda. Ukikipeleka sokoni leo huenda usipate hata pesa ya pakiti mbili za unga. Lakini mimi nikikishika naona mkono wa baba. Wewe uliye na Biblia ya nyanya yako, au saa ya mtu uliyemzika, unanielewa.

Tena ni kisu cha kazi. Nina kitalu cha miche ya avokado. Wengi wetu tunauza na kula Hass bila kujua habari zake. Mti wa kwanza uliota kwa mtu wa posta huko California, Marekani, aitwaye Rudolph Hass, naye akausajili kuwa wake mwaka wa 1935. Mti wenyewe ulikufa mwaka wa 2002. Lakini ukipanda kokwa la Hass hupati Hass kamili, unapata mti mwingine. Kwa hiyo kila Hass unayoiona huku kwetu imetokana na ule mti mmoja kwa njia ya kisu, kijiti baada ya kijiti. Mche wa kienyeji ukifika unene wa penseli unaukata kichwa, unapasua shina kidogo, unachonga kijiti cha Hass kama kabari, unakiingiza pale na kufunga kwa nailoni. Kisu kikiwa butu kinaponda badala ya kukata, na palipopondwa hapashiki. Kwa sababu hiyo kisu cha baba hakikuwa pambo. Kilikuwa mkate wetu.

Kinavyopotea

Kisu cha mfukoni kina tabia ya kupotea. Ukiinama kinatoka. Ukikaa kwenye matatu kinateleza katikati ya viti. Unakiweka juu ya kisiki dakika moja, unaitwa, unasahau. Mara moja changu kilikaa kwenye rundo la mbolea msimu mzima wa mvua. Nilikikuta kimeshika kutu, nikakisugua kwa msasa na mafuta, kikarudi kazini. Mara nyingine kilipotea kwenye nepia ya ng'ombe, nikakata tamaa kabisa. Siku ya tatu, kijana mmoja aliyekuwa akinifanyia kazi kitaluni akaja mbio akikipangusa kwa shati lake. "Mzee, si hiki ni kisu chako?" Nilimshukuru mbele ya wenzake. Nikamnunulia soda.

Jina la huyo kijana silitaji. Nimelichafua vya kutosha.

Mwaka jana mvua za masika zilipoanza nilikuwa na miche ya mteja, zaidi ya mia tatu, inangoja kupandikizwa. Asubuhi nikatia mkono mfukoni, hakuna kisu. Nikatafuta, lakini sikutafuta kama yule mwanamke wa Luka 15. Yeye alipopoteza sarafu moja kati ya kumi aliwasha taa, akafagia nyumba, akatafuta kwa bidii mpaka akaiona. Majirani aliwaita baadaye, waje wafurahi naye. Mimi niliwaita watu kwanza, waje wajibu.

Niliwapanga vijana wanne kando ya kitalu, nikauliza ni nani. Wote wakakana. Hapo macho yangu yakaenda kwa yule aliyekirudisha siku ile. Nilijiona nina hoja ya maana kabisa: huyu ndiye anayejua kile kisu kina thamani gani kwangu, na huyu ndiye anayejua ninakiweka wapi. Yaani wema wake wa zamani niliugeuza ukawa ushahidi dhidi yake.

Akaniambia, "Mzee, mimi sijachukua kisu yako. Kama ningekuwa naitaka, si ningekaa nayo ile siku niliipata?"

Jibu lake lilikuwa na akili kuliko swali langu, na nadhani ndiyo sababu lilinikasirisha. Mwisho wa wiki nilipomlipa nilikata shilingi 1,500. Alipokea zilizobaki bila neno. Jumatatu hakuja kazini. Nami nikasimama mbele ya duka pale kwa barabara, nikasema watu wasikie: "Mnaona? Asiye na hatia hawezi kutoroka."

Maneno hayalipi nauli, lakini yanafika. Kabla ya mwezi kwisha yalikuwa yameingia kwa akina mama wa ushirika wa Alhamisi. Mama yake yule kijana akaacha kuja. Hakuna aliyemfukuza. Ni vile tu akikaa, mwenzake anavuta mkoba wake karibu.

Kilipopatikana

Mwezi wa Agosti, Jumamosi jioni, mke wangu alikuwa akifua koti langu la kazi lililokuwa limening'inia stoo tangu mvua ziishe. Akaniita. "Baba, kuja uone." Mfuko ulikuwa umetoboka kwa ndani. Kisu kilikuwa kimepita katikati ya kitambaa cha nje na cha ndani, kikateremka mpaka kwenye pindo, kikatulia huko.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Miaka yote nilidhani wanazungumza juu ya watu wengine.

Ungetarajia nifurahi. Nilikikunjua, nikakikunja. Mke wangu alikuwa bado ameshika koti lenye povu. Akauliza neno moja tu: "Na sasa?"

Kesho yake nilikuja kanisani na bahasha yangu kama kawaida. Wakati wa matoleo ulipofika, nikakumbuka yale Bwana aliyofundisha katika Mathayo 5, kwamba ukiwa umeleta sadaka na hapo ukumbuke ndugu yako ana neno juu yako, uiache kwanza, uende mkapatane. Nilikuwa nimeyasikia hayo mara nyingi, na kila mara nilifikiria ndugu ambaye MIMI nina neno juu yake. Sivyo yasemavyo. Bahasha ikarudi mfukoni.

Jumatatu nikaenda kumtafuta. Nilimpata kwenye kitalu cha mtu mwingine, upande wa Makuyu, ameshika kisu cha mwajiri wake anapandikiza. Safarini nilikuwa nimepiga hesabu ya Walawi 6. Aliyemdhulumu mwenzake anarudisha yote, kisha anaongeza moja ya tano. Nilikata 1,500. Moja ya tano ni 300. Jumla 1,800. Nilimpa mkononi, nikamweleza kisu kilikuwa wapi, nikamwomba msamaha.

Akazihesabu. Akasema, "Pesa tumemalizana, mzee. Na kisu, nimefurahi umepata. Lakini wale watu wa pale dukani, umewaambia?"

Nikasema bado.

"Basi huko mimi bado ni mwizi."

Kilianguka wapi?

Nilirudi nyumbani na hilo neno. Nikasoma tena 2 Wafalme 6. Wana wa manabii walikuwa wanakata miti kando ya Yordani, chuma cha shoka kikaanguka majini, na aliyekipoteza akalia kwa sababu shoka lilikuwa la kuazima. Elisha hakuuliza ni nani wa kulaumiwa. Aliuliza kilianguka wapi. Akaonyeshwa mahali, na ni pale pale chuma kilipoelea.

Wapendwa, nadhani hapo ndipo jibu la swali letu lilipo. Nilimwomba msamaha Makuyu, lakini jina lake halikuangukia Makuyu. Liliangukia kitaluni kwangu, mbele ya vijana watatu. Liliangukia dukani. Kutoka hapo likabingirika mpaka kwenye ushirika wa akina mama. Pole ya faragha kwa kosa la hadharani ni kama kutafuta shoka mahali pakavu kwa sababu hutaki kulowa.

Na ile moja ya tano? Ya pesa nilijua kuihesabu. Ya jina ni nini? Mimi nimeona ni hii: kulifuata jina la mtu hata mahali ambapo sikulitupa mwenyewe. Ningeweza kusema kwamba kwa akina mama sikusema neno, ni watu wengine waliolipeleka. Ni kweli. Lakini moja ya tano si deni la kawaida. Ni ile unayotoa juu ya deni.

Basi nikaanza. Niliwaita wale vijana watatu, nikawaonyesha kisu na tundu la koti. Nikaenda dukani saa ya jioni, wakati watu ni wengi, kwa makusudi. Nikasema, "Nilimwita fulani mwizi hapa. Mwizi nilikuwa mimi. Nilikata pesa yake na nikaiba jina lake." Watu walinyamaza. Kisha mzee mmoja akasema, "Hata hivyo, vijana wa siku hizi, kama si kisu, kuna kitu kingine alichukua." Iliniuma, kwa sababu nilitambua mmea wangu. Mimi ndiye niliyeupanda, sasa unazaa bila mimi kuumwagilia. Nimerudi pale dukani mara nne kusema neno lile lile. Nitarudi tena.

Mambo mawili kabla sijamaliza

La kwanza, kuna atakayeniuliza: kwa hivyo mali ikipotea tusiulize? Wezi si wapo? Wapo, na mwizi akishikwa ajibu. Lakini tofautisha maneno. "Mmeniona na kisu changu wapi mara ya mwisho?" huko ni kutafuta. "Ni nani amechukua kisu changu?" hapo umeshahukumu kwamba kimechukuliwa, kilichobaki ni kuchagua mtu. Na ukiangalia vizuri, mara nyingi tunamchagua aliye chini yetu: kijana wa kazi, msichana wa nyumba, mtoto wa ndugu tuliyemlea. Sikumbuki kama nilimshuku mteja mwenye gari aliyepita kitaluni siku ile ile. Mtafuta cha mvunguni sharti ainame, nami sikutaka kuinama. Niliona rahisi kunyoosha kidole.

La pili, niliwahi kufikiri nikitupe hicho kisu, kwa kuwa kilinikosesha. Sidhani hilo ni sawa. Yule mwanamke aliipenda sarafu yake na hakulaumiwa. Kosa langu halikuwa kukipenda kisu cha baba. Kosa lilikuwa kusema ninamheshimu marehemu, huku nikimdhulumu aliye hai kwa ajili ya kifaa chake. Baba alikishika maisha yake yote, na sikuwahi kumsikia akimwita mtu mwizi kwa sababu yake. Kama kuna urithi nilioupoteza, ni huo.

Bado ninakitumia. Sasa nimekifunga kamba, na mfuko nimeushona. Kila mche ninaopandikiza unabaki na kovu pale ulipounganishwa, na kovu hilo haliondoki hata mti ukizeeka. Ukija shambani utaliona karibu na ardhi. Lakini matunda yote yanazaliwa juu yake. Yule kijana hajarudi kufanya kazi kwangu, na sijamwomba arudi. Tukikutana njiani tunasalimiana kwa mkono. Mama yake bado hajarudi ushirikani. Nilienda kwake pamoja na mke wangu, akatupikia chai, akasema amesikia. Hakusema zaidi, nasi hatukumlazimisha.

Nilimwomba kijana ruhusa niandike haya. Akasema niandike, mradi jina lake lisitoke. Kwa hiyo ukurasa huu nao ni mahali pamoja pa kutafutia, kwa sababu najua yale maneno yalifika mpaka humu ndani. Kama wewe ni mmoja wa waliovuta mkoba, sikulaumu. Ulisikia kutoka kwangu. Sasa sikia tena kutoka kwangu: kisu kilikuwa nguoni mwangu.

Ya kutafakari wiki hii

1. Kuna kitu ulichokipata baadaye, na hukurudi kumwambia uliyemshuku?
2. Jina lake liliangukia wapi, na ni akina nani walikuwepo?
3. Moja ya tano yako ni ipi?

Tuombe: Bwana, tupe taa na ufagio kabla ya kutupa kidole cha kunyoosha. Na pale tulipoangusha jina la mtu, tupe nguvu ya kurudi pale pale, mbele ya wale wale. Amina.