Maua ya Arusi na Ahadi ya Muuzaji

Kuuza maua ya arusi ni kazi ya halali, tena njema. Lakini yamweka muuzaji mbele ya swali lisilomsumbua sana mwuza mahindi. Mwuza mahindi asipoleta magunia leo, ataleta kesho. Mwuza maua akikosa Jumamosi asubuhi, kesho haimfai: bibi arusi amekwisha kupita mlangoni mwa kanisa.

Je, kwa kuwa mnunuzi ana haja kubwa na furaha nyingi, ni haki kumtoza zaidi? Tutazame kazi yenyewe. Waridi la Naivasha hukatwa likiwa tumba, husafirishwa katika ubaridi, kisha huondolewa majani ya chini, shina hukatwa tena kwa mshazari, nalo hutiwa katika ndoo safi ya maji. Asumini ya pwani, itumikayo katika vikuba, huchumwa kabla ya jua kuchwa, maana hufumbuka usiku. Mwenye kazi hii hukesha, na ua lisilouzwa humnyaukia mikononi. Usingizi huo na hasara hiyo vyastahili malipo. Lakini kupandisha bei kwa sababu tu mnunuzi ametamka neno «arusi», pasipo kazi kuongezeka, ni kuuza furaha ya mwenzako, mali isiyo yako.

Kishawishi kikubwa zaidi huja biashara inapokua. Wakati wa Kwaresima arusi zetu hupungua. Pasaka ikipita, Jumamosi moja hugombewa na nyumba nne. Arubuni ya nne yavutia, hasa kwa mwenye watoto wa kusomesha. Kama amekwisha kuwafundisha wasaidizi, na gari lipo, aipokee kwa amani. Kama sivyo, amepokea fedha kwa kitu asicho nacho, na jina la tendo hilo twalijua sote.

Basi anayeanza na aanze na arusi moja, aitimize, kisha mbili. Ukubwa wa biashara yake ni hesabu ya ahadi anazoweza kuzitimiza.

Nasi wanunuzi tujihoji. Ahadi ni deni kwa pande zote mbili. Kamati ya arusi isivunjwe kabla ya kumlipa mwuza maua salio lake. Maana pilau ikiisha kuliwa, mkulima bado anamdai.