Tumechoka Kusoma, au Tumechoka Kusikiliza?

Siku hizi wakikutana watu wanaopenda vitabu, hawachelewi kufika kwenye lalamiko moja: "Siwezi tena kusoma kama zamani." Anayesema hivyo mara nyingi si mvivu. Ni mtu aliyekuwa akimaliza riwaya kwa usiku mmoja, tochi ikiwa chini ya shuka bwenini, na leo akifika ukurasa wa tatu mkono unaitafuta simu wenyewe. Anasoma aya, anairudia, halafu anagundua kwamba macho yamepita lakini akili haikupita.

Jibu la haraka ni kwamba tumepoteza uwezo wa kusoma vitu virefu. Mimi sikubaliani nalo. Angalia hadithi zinazosambaa kwenye makundi ya WhatsApp na kurasa za Facebook: sehemu ya 14, sehemu ya 27, sehemu ya 60. Watu wanazisoma, tena wengine wanamlipa mwandishi kwa simu ili awatumie sehemu inayofuata kabla ya wenzao. Ukizikusanya zote zinaweza kuzidi riwaya mbili. Kwa hiyo urefu si tatizo.

Sasa chukua Nagona ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1990. Ni kitabu chembamba, unaweza kukisoma kwenye safari moja ya basi. Lakini wengi wanakianza na wachache wanakimaliza, kwa sababu hakikuambii mapema kinakupeleka wapi. Hakina mtego mwishoni mwa kila ukurasa. Kinakutaka ukae nacho kabla hujakielewa, na hapo ndipo tunaposhindwa. Tunachokosa ni uvumilivu wa kukaa na kitu ambacho bado hakijatupa faida.

Najua kuna atakayesema malalamiko haya ni ya kale. Ni kweli. Plato anamwonyesha Sokrates akihofia kwamba maandishi yatadhoofisha kumbukumbu za watu. Riwaya zenyewe ziliwahi kulaumiwa kwamba zinaharibu vijana. Redio ikalaumiwa, televisheni ikalaumiwa, na bado tupo. Lakini kuna tofauti moja ambayo siwezi kuipuuza. Kitabu ukikifunga, kinanyamaza. Hakikutumii ujumbe saa nne usiku kukukumbusha kwamba hukukimaliza. Simu ina watu wanaolipwa ili usiiweke chini. Mwaka 2006 mbunifu mmoja wa Marekani, Aza Raskin, alibuni ule mfumo wa ukurasa usio na mwisho, ambao kila ukisogeza kidole kinakuja kingine. Baadaye alisema hadharani kwamba anaujutia. Ukurasa wa kitabu una mwisho, na ule mwisho ni mahali pa kupumua na kujiuliza kama uendelee. Tumeondolewa mahali hapo.

Basi ni kosa la nani? Tukisema ni la msomaji peke yake, tunamwonea. Mtu anaamka alfajiri, anabanana kwenye daladala, anarudi usiku amechoka, na kitabu kimoja kinaweza kugharimu zaidi ya bando la wiki nzima. Kumwambia "jitahidi tu" ni maneno ya aliyeshiba. Lakini tukisema ni kosa la kampuni za mitandao peke yake, tunajigeuza kondoo. Lawama na jukumu si kitu kimoja. Mvua ikibomoa ukuta wako hujalaumiwa wewe, ila kuujenga ni juu yako.

Kwangu mimi swali kubwa liko mbele ya hapo: kuna ubaya gani hasa tukiacha kusoma hivyo? Maarifa yapo kwenye video, muhtasari wa riwaya upo mtandaoni. Tunapoteza nini?

Nitajibu kwa kazi yangu ya uandishi wa habari. Ukienda kijijini kumuuliza mzee kuhusu mgogoro wa ardhi, hakujibu kwa sentensi moja. Anakukaribisha, anakuuliza umetoka kwa nani, anaanza na babu yake aliyefyeka pori, anapita kwenye ndoa mbili na msiba mmoja, ndipo afike kwenye mpaka. Mwandishi mwenye haraka anasubiri zile sekunde 20 za kuweka mtandaoni, na mengine anayaona porojo. Lakini ushahidi mara nyingi umo humo kwenye "porojo". Anayemkatiza mzee huyo anamdhulumu, hata kama anamwita shikamoo kwa adabu zote.

Shaaban Robert alililiona hili mapema. Kusadikika, ya mwaka 1951, karibu yote ni kesi. Karama ameshtakiwa na waziri Majivuno, na utetezi wake si hoja fupi; ni masimulizi ya safari za wajumbe sita, moja baada ya nyingine. Baraza linalazimika kusikiliza mpaka mwisho, na mwisho haki inapatikana. Hebu fikiria baraza lile lingekuwa na subira yetu ya leo. Mjumbe wa pili tu, watu wangeshatoa hukumu kwenye komenti.

Hapo ndipo kusoma kunakuwa suala la maadili. Riwaya nzito inatuzoeza kumsikiliza mtu asiyetufurahisha mara moja: mhusika anayekera, anayejichanganya, ambaye sababu zake zinajulikana sura ya tisa. Mazoezi hayo tunayahitaji kwa mama mkwe, kwa mtoto anayejifungia chumbani, kwa mpinzani wa kisiasa. Sisemi kila msomaji wa vitabu ni mtu mwema. Tunawajua wasomi wenye roho mbaya. Nasema tu kwamba asiyeweza kusubiri sura ya tisa ya kitabu atapata tabu kuisubiri ya binadamu.

Kwa hiyo sitakupa hesabu ya vitabu 50 kwa mwaka. Hesabu hizo nazo ni mashindano ya mtandaoni. Tafuta kitabu kimoja kinachokusumbua, simu iache chumba kingine, soma kurasa kumi. Ukichoka funga, kesho rudi palepale. Usipokielewa, usikimbilie muhtasari. Kaa na kutokuelewa kwako kidogo. Ni heshima ileile unayompa mgeni anayechelewa kusema shida iliyomleta: unampa maji, unakaa, unamngoja.